Gemu za Zamani na Televisheni za Chogo: Somo Kutoka Babati

Mwezi Desemba uliopita nilikwenda likizo Babati, mji nilikokulia, chini ya mlima Kwaraa na karibu na ziwa lenye viboko. Siku moja nilipita kwa fundi wa redio na televisheni ambaye namfahamu tangu utoto wangu. Nikamwamkia, naye akanionyesha rundo la televisheni kuukuu, zile tunazoziita za chogo kwa sababu ya mgongo wake uliotokeza nyuma. Aliniambia kuwa hakuna mteja anayezitaka tena. Baada ya sikukuu angezivunja, azitoe nyaya za shaba, na vioo vitupwe korongoni.

Juu ya rundo hilo palikuwa na kijisanduku cha plastiki chenye pedi mbili na bastola ya rangi ya machungwa. Nilikitambua mara moja. Kilikuwa mashine ya gemu ya aina ile iliyonifundisha, kabla ya mwalimu yeyote, kwamba chombo cha elektroniki hufuata amri kwa mpangilio. Na ndiyo iliyonifanya niwalaze ndugu zangu wakisubiri chakula hadi saa tano za usiku. Makala haya yanahusu mashine hiyo. Nataka tuzipime gemu zake, njema na mbovu, kwa macho ya sayansi. Kisha tuone ni kazi gani mwalimu wa sekondari anaweza kuipa mashine hii leo.

Ilivyofika kwetu

Mashine asili ilitengenezwa na kampuni ya Nintendo ya Japani, ikaanza kuuzwa huko Julai 1983 kwa jina la Famicom. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya 1970. Aidha, tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta kutoka nje. Milango ilifunguliwa polepole, na vituo vya kwanza vya televisheni vya Bara vilianza mwaka 1994. Nyuma yake ziliingia bidhaa nyingi za elektroniki, zikiwemo nakala za Famicom zilizotengenezwa na viwanda vya Asia bila idhini ya Nintendo, zikiwa na majina na maumbo ya kila namna. Hizo ndizo tulizozifahamu sisi.

Mwaka 1996 nilikuwa na umri wa miaka 13. Babati ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Arusha, maana Mkoa wa Manyara uliundwa mwaka 2002. Katika banda moja la video palikuwa na mashine ya gemu, na kwa sarafu ya shilingi 20 mtoto aliruhusiwa kucheza hadi afe. Siku moja mama alinituma mashineni na mahindi pamoja na fedha ya kusagia. Sikufika mashineni. Fedha yote niliimaliza bandani, nikarudi jioni na mahindi yale yale. Mama hakunipiga. Aliyaosha mahindi, akayabandika na maharage, tukala makande usiku wa manane huku wadogo zangu wakisinzia. Gemu iliyoimeza fedha ile nitaieleza baadaye, kwani ndiyo iliyonipa kipimo changu cha gemu mbovu.

Mashine masikini

Ili kumhukumu fundi kwa haki ni lazima kwanza tujue alipewa vifaa gani. Famicom ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, yaani baiti 2,048. Kiwambo chake kilikuwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu. Tukizidisha tunapata nukta 61,440. Kama kila nukta ingehifadhiwa kwa baiti moja, picha moja tu ingehitaji kumbukumbu mara 30 ya ile iliyokuwapo. Je, picha ilichorwaje?

Jibu lake linafanana na kazi ya mtu anayepamba kitambaa kwa mihuri. Mpambaji hachori kila ua upya. Huchonga mihuri michache, kisha akaigonga mahali pengi. Kaseti ya gemu ilibeba vigae vidogo, kila kimoja kikiwa na nukta 8 kwa 8. Kiwambo kizima kiligawanywa katika vigae 32 kwa upana na 30 kwa urefu, jumla 960. Mashine haikukumbuka nukta, bali namba ya kigae katika kila mahali: baiti 960 kwa vigae, na baiti 64 kwa rangi. Jumla ni baiti 1,024, kilobaiti moja kamili.

Vitu vinavyotembea, kama vile mtu, ndege au risasi, vilichorwa kwa njia nyingine. Mashine iliweza kuonyesha vipande 64 vya aina hiyo kwa wakati mmoja, lakini visizidi 8 katika mstari mmoja wa kiwambo. Kipande cha tisa hakikuonekana. Mtunzi hodari alibadilisha zamu ya vipande katika kila picha, ili kila kimoja kikosekane kwa muda mfupi tu; ndiyo maana vitu vilipojaa kwenye mstari mmoja tuliona vikimetameta. Kumetameta huko hakukuwa ubovu wa televisheni kama tulivyodhani. Ilikuwa njia ya kugawana uhaba.

Gemu njema

Kipimo changu cha kwanza ni hiki: je, mchezaji akikosea anaweza kuelewa kosa lake, na akijifunza anafanya vizuri zaidi? Cha pili: je, mtunzi aliutumia vema uhaba wa mashine? Cha tatu: je, gemu inamwachia mchezaji nafasi ya kubuni chochote?

Tuanze na Super Mario Bros. iliyotolewa Septemba 1985, kazi ya Shigeru Miyamoto na wenzake. Programu na picha zake zote ni kilobaiti 40. Picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu ya leo huwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Katika gemu hiyo mawingu ya angani na vichaka vya ardhini vina umbo moja. Kilichobadilishwa ni rangi tu. Muhuri mmoja umefanya kazi mbili, na mamilioni ya watoto hawakugundua. Tena mwanzo wake hauna maelezo hata neno moja, jambo lililokuwa heri kwetu tuliokuwa hatujui Kiingereza. Adui wa kwanza anakuja polepole. Ukisimama unakufa, na hasara ni ndogo kwa kuwa ndiyo kwanza umeanza. Unarudi, unaruka, na tayari umejifunza. Mwalimu atatambua hapo kanuni ya kufundisha kutoka jepesi kwenda gumu.

Ya pili ni Battle City ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1985, ambayo sisi tuliiita Vifaru. Ukubwa wake ni kilobaiti 24 tu. Uwanja wake ni mraba wa vyumba 13 kwa 13, na katika kila hatua wanakuja vifaru 20 vya adui kuvunja ngome yako. Watu wawili hucheza pamoja wakilinda ngome moja, na wakizembea wanapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Zaidi ya hayo, ilimruhusu mchezaji kujenga uwanja wake mwenyewe kwa matofali, chuma, maji na miti. Pale bandani tuligombania zamu ya kujenga kuliko zamu ya kupiga. Kwa vipimo vyote vitatu, hii kwangu ndiyo njema kuliko zote.

Ya tatu ni Duck Hunt ya mwaka 1984, mchezo wa kuwinda bata kwa bastola. Kama mchezo ni mwepesi na huchosha baada ya nusu saa. Lakini kama somo la fizikia hauna mfano, nami nitaurudia hapa chini.

Gemu mbovu

Gemu mbovu ni za aina mbili: iliyoharibika kwa haraka, na iliyotengenezwa idanganye.

Mfano maarufu wa aina ya kwanza haukufika Babati. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa gemu ya filamu ya E.T. kwa ajili ya mashine yake ya mwaka 1977, yenye kumbukumbu ya kazi ya baiti 128 tu. Mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa takriban wiki tano ili iwahi Krismasi. Ilitoka na kasoro nyingi: mchezaji alitumbukia mashimoni mara kwa mara bila kuelewa kosa lake. Mwaka huo huo Atari ilitoa Pac-Man, ambamo mizimwi wanne walichorwa kwa zamu, kila mmoja katika picha moja kati ya nne, hata wakaonekana kama taa inayokaribia kuzimika. Kaseti nyingi zilikosa wanunuzi, na mwaka 1983 biashara ya gemu nchini Marekani ilianguka. Atari ilizika shehena ya bidhaa zake katika jalala la Alamogordo, jimbo la New Mexico. Aprili 2014 jalala hilo lilifukuliwa na kaseti za E.T. zikaonekana. Si haki kusema kwamba gemu moja iliangusha biashara nzima, maana soko lilikuwa limejaa gemu nyingi duni. Wala Warshaw hakuwa mtunzi dhaifu. Kazi zake za awali zilisifiwa. Alinyimwa muda.

Aina ya pili tuliijua vema. Ilikuwa kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9,999,999 ndani yake. Tuipime kwa hesabu. Tukichukua kuwa kila gemu ni ndogo kama Vifaru, yaani baiti 24,576, kaseti ile ingehitaji kubeba baiti bilioni 246 hivi, wakati ambapo kompyuta ya mezani ya kawaida ilikuwa na diski ya baiti bilioni chache tu. Tena, mtu ambaye angeijaribu kila gemu kwa dakika moja, bila kula wala kulala, angemaliza baada ya miaka 19. Ukweli ni kwamba mlikuwa na gemu chache zilizorudiwa. Namba 7 ilikuwa ile ile namba 3, ila imeanzia hatua ya tano. Namba 40 ilikuwa ile ile, ila anga imepakwa wekundu.

Hiyo ndiyo iliyoimeza fedha ya kusagia mahindi. Siku ile sikuwa nacheza, nilikuwa natafuta. Kila sarafu niliyoitoa niliitoa nikiamini kuwa namba ifuatayo ingekuwa gemu mpya. Kama ningejua kuzidisha na kugawanya kama nilivyofanya hapo juu, ningerudi nyumbani na unga. Nalisema hili kwa sababu leo, karibu na shule zetu, zipo mashine za kamari na michezo ya simu zinazotumia hila hiyo hiyo: tumaini kwamba mara ijayo itakuwa tofauti. Kuzipigia kelele hakutoshi. Mwanafunzi afundishwe kuuliza: je, nikicheza mara mia nitakuwa hodari zaidi, au nitakuwa masikini zaidi?

Bastola na televisheni bapa

Nilikichukua kile kijisanduku hadi nyumbani kwa dada yangu, nikakiunganisha kwa waya wa njano kwenye televisheni yake mpya iliyo bapa. Mario alitembea vizuri. Vifaru vilipigana. Lakini katika mchezo wa bata, mpwa wangu aliye Kidato cha Pili alifyatua bastola mara ishirini bila kumpata bata hata mmoja.

"Mjomba, bastola imekufa," alisema.

Nikamjibu, "Kabla hujaizika, tuijaribu kwingine."

Tulirudi kwa fundi, tukaiunganisha na televisheni ya chogo. Bata wa kwanza akaanguka kwa risasi ya kwanza. Bastola ni ile ile, gemu ni ile ile. Kilichobadilika ni kiwambo. Kwa nini?

Bastola ile haitoi chochote. Inapokea. Ndani ya mtutu wake mna lenzi na kipokeo cha mwanga. Unapofyatua, programu hukifanya kiwambo kizima kuwa cheusi kwa muda wa picha moja, kisha huchora mraba mweupe mahali alipo bata. Kama kipokeo kimeona giza na halafu mwanga, bata amepatikana. Wakiwa bata wawili, miraba huonyeshwa mmoja baada ya mwingine, na mashine hujua ni yupi kwa kuangalia mwanga umefika katika picha ipi. Giza la kwanza ni mtego kwa mjanja anayeielekeza bastola kwenye taa.

Sasa linganisha viwambo viwili. Katika televisheni ya chogo mshale wa elektroni hupita juu ya kioo mstari kwa mstari, na kila nukta huwaka mara mshale unapoigusa na kufifia mara moja. Picha nzima hukamilika katika sehemu ya hamsini au ya sitini ya sekunde, kwa kufuatana sawasawa na mashine. Televisheni bapa kwanza huipokea picha, huipanua na kuipangilia, ndipo huionyesha, picha inachelewa. Mwanga unapotoka, programu imekwisha kuuliza na kujibiwa "hakuna". Pia mwanga wa kiwambo bapa haumetameti kama ule wa mshale wa elektroni, na saketi ya bastola ilitengenezwa ili itambue mmeto huo.

Jambo jingine la kupima kwa saa ni mwendo. Gemu za Japani zilitungwa kwa picha 60 kwa sekunde, na muziki wake huhesabiwa kwa picha hizo. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa nchi zenye mfumo wa PAL, kama yetu, zilionyesha picha 50. Hivyo wimbo wa dakika moja ulichukua sekunde 72. Nilipousikia wimbo wa Mario kwa mwendo wake wa asili nilikuwa masomoni ng'ambo, nikadhani mashine ya wenzangu ina kasoro. Kumbe mwenye kasoro nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikipima cha wengine kwa kile nilichokizoea.

Kaseti hupulizwa?

Kila mtoto wa enzi ile alijua dawa ya kaseti iliyokataa: kuichomoa, kuipuliza kwa nguvu na kuirudisha. Ikikubali, pumzi ilisifiwa. Lakini hapa mambo mawili yamefanywa kwa pamoja. Kuichomoa na kuirudisha hukwangua meno ya shaba na kuyapa mgusano mpya. Hilo peke yake latosha mara nyingi. Pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu huchochea kutu. Njia bora ni kupangusa meno kwa pamba yenye spiriti kidogo na kuyaacha yakauke. Tazama basi jinsi desturi inavyoweza kuishi miaka mingi kwa sababu hakuna aliyetenganisha sababu mbili.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Mashine hizi zingali zinapatikana kwa mafundi wa miji yetu. Napendekeza kazi nne.

1. Hisabati: wanafunzi wachore uwanja wa Vifaru kwenye karatasi ya mirabaraba, 13 kwa 13. Wakitumia namba moja kwa kila chumba, watahitaji namba ngapi? Wakichora kila nukta (16 kwa 16 katika kila chumba), ngapi?

2. Fizikia: waijaribu bastola ya mwanga kwenye viwambo viwili, waandike matokeo ya risasi 20 kwa kila kimoja, na waeleze tofauti.

3. Kemia na mbinu za utafiti: wachukue kaseti kumi zilizokataa. Tano zichomolewe na kurudishwa bila kupulizwa, tano zipulizwe. Je, idadi hiyo inatosha kutoa uamuzi? Kwa nini?

4. Uraia: kila mwanafunzi achague gemu moja ya simu, aipime kwa vile vipimo vitatu, na atetee hukumu yake mbele ya darasa.

Onyo: televisheni ya chogo isifunguliwe na mwanafunzi, wala na mwalimu asiye na ujuzi huo. Umeme wa tyubu ya picha hupita volti 20,000, nao hubaki ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kioo chake kina risasi, yaani madini ya sumu. Hakifai kuvunjwa wala kutupwa kwenye korongo linaloteremsha maji ziwani.

Huenda msomaji atauliza, kwa nini tusifundishe kwa simu za kisasa zilizo na uwezo mkubwa zaidi? Tufundishe nazo pia. Lakini hakuna mwanafunzi, wala mhadhiri wake, anayeweza kuifahamu simu moja yote kutoka kioo hadi programu. Mashine ya kilobaiti 2 yaweza kufahamika yote katika muhula mmoja, na mtu aliyewahi kufahamu mashine moja kikamilifu haogopi nyingine.

Televisheni moja niliinunua kabla haijavunjwa. Sasa iko katika chumba cha sayansi cha shule moja ya sekondari hapo mjini, na kijisanduku kipo juu yake. Kaseti ya gemu 9,999,999 nayo nimewaachia, kwa sharti moja: kila darasa litakaloitumia lianze kwa kuzihesabu gemu zilizomo. Mpwa wangu alianza wakati wa likizo. Alifika namba 212 na kuona gemu tofauti saba tu. Akaweka pedi chini, akachukua kalamu.